Kanuni ya Kusimama

Wendell Thorsrud alifuga ng'ombe huku mashariki ya Montana, Marekani, na kwa miaka thelathini hakukosa mkutano wa chama wa kaunti yetu. Sentensi moja ya ilani yetu aliiandika yeye: kila jimbo lijiamulie mambo yake, serikali kuu ya Washington isituingilie. Ilipohusu bunduki zetu na kuwaua mbwamwitu wanaokula ndama wetu, tuliipigia makofi mpaka viganja vikauma.

Kupiga kura kwa kusimama pia kulikuwa kanuni yake. "Karatasi ni za waoga," alisema. "Mtu asimame, jirani auone uso wake."

Binti yake, Karna, ana kifafa. Daktari alimwandikia mafuta ya bangi, ambayo jimbo letu linayaruhusu, na kwa mara ya kwanza akamaliza mwezi bila kuanguka. Akaanza hata kutuokea pai za tufaha.

Machi hii Mchungaji Haskett, mwenyekiti wetu, alitaka sentensi ile ifutwe, Washington ipige marufuku bangi nchi nzima, hata ya dawa. Mbunge wetu alikuwa ameahidi kufuata tutakaloamua.

Wendell alisimama, kofia mkononi. "Mchungaji, jana bunduki yangu ilikuwa ya jimbo. Leo dawa ya mwanangu imekuwa ya Washington?"

"Ndugu Wendell, dhambi haijui mpaka wa jimbo."

"Kwa hiyo Karna aanguke ili wewe ulale vizuri?"

"Tunamwombea kila Jumapili!"

"Mwombeeni. Chupa yake mwachieni."

Wendell akatazama safu za viti, akasema kwa sauti ya chini, "Basi leo tupige kura ya siri."

Haskett akatabasamu. "Kanuni ni yako, ndugu yangu. Wanaokubali hoja yangu, wasimame."

Nilikuwa nimemwahidi Wendell kwa simu kwamba niko naye. Kwa karatasi ningekuwa naye kweli. Lakini mume wangu alisimama, safu yetu yote ya kanisani ikasimama, na wifi akaninong'oneza, "Vipi Lorna, miguu imekufa ganzi?"

Nikasimama. Wendell akaniona.

Tulikuwa arobaini na mmoja dhidi ya sita. Haskett akatuita tumwekee Wendell mikono, tumwombee binti yake. Wangu ulikaa begani pake. Nilijichukia, na sikuuondoa.

Tulipomaliza, alivaa kofia yake. "Pai ya Karna iko mezani pale mlangoni, Lorna," akasema. "Amekukatia kipande kikubwa."