Siku ya Kumtoa Mtoto Nje Pale Ziwani

Ziwa la mtaani kwetu, hapa Haltom City, Texas, si ziwa la kujisifia. Ni shimo lililochimbwa likajaa maji, kibarabara kimoja kinalizunguka, meza chache za saruji, na mabata bukini wakali kuliko mbwa. Lakini ni langu. Wanawake wanaosema Kiswahili waliozalia mtaa huu, wengi wao ni mimi niliyewatoa nje pale, siku yao ya arobaini. Anayebisha aje aniambie usoni.

Kwetu Mombasa mzazi hukaa ndani siku arobaini, akakandwa, akalishwa, ndipo akatolewa na mtoto wake. Mtoto huvukizwa udi, akabebwa kuzungushwa nyumba, kisha akapita mikononi mwa watu, kila mmoja na dua yake. Nilipofika Texas nikakuta watu wanaishi vyumba vya ghorofani, nyumba haina pa kuizunguka. Nikasema basi, tutazunguka ziwa. Sikuomba ruhusa. Mimi niliacha shule darasa la tatu, nikauza viazi karai, na huku nikaogesha wazee wa watu mpaka nikanunua nyumba. Ningekuwa mtu wa kungoja ruhusa, hadi leo ningekuwa kule Majengo, Mombasa.

Mwaka huu zamu ilikuwa ya binti yangu mwenyewe. Alijifungua kwangu, mtoto wa kike, baridi ikiisha. Mumewe ni dereva wa malori. Kesi yake ya karatasi za kukaa nchini haijajibiwa, mwaka wa ngapi sijui, na habari zikawa zinazunguka kwamba madereva wanasimamishwa barabarani na watu wa uhamiaji, na wengine hawarudi majumbani. Mtoto hajanyolewa nywele, mkwe wangu akaenda kujibanza kwa binamu yake Houston, mwendo wa saa nne. "Siku chache tu, mama," aliniambia. Miti ikachipua, vumbi la manjano la maua likafunika magari yote ya mtaa, na baba wa mtoto bado yuko kwenye simu.

Arobaini ikikaribia nikaanza kuagiza unga na nazi. Binti yangu akanitazama.

"Mama, tusifanye. Hakuna atakayekuja. Watu wako scared."

"Watu, au wewe?"

"Na mimi pia. Halafu bila baba yake, mimi sitoki. Nitakaa humu humu."

Alisema hivyo kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Binti yangu akipiga kelele najua yatapita. Alikuwa ameacha kufungua mapazia. Chakula nikimletea, nakuta sahani kama nilivyoiweka. Nikaona huyu nisipomtoa siku yake, sitamtoa tena.

Nikampigia mkwe wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto anatolewa Jumamosi. Utakuwepo?"

"Mama, njia hii si nzuri. Mimi sijiogopei mwenyewe, nawaogopea wao."

"Kama hujiogopei, Houston unafanya nini? Huyu mtoto ana baba au ana simu?"

 Nikasikia magari yakipita upande wake. "Nimekusikia, mama," akasema, akakata. Wengine wataona nilikuwa mkali kwa mkwe. Ndivyo nilivyo.

Jirani yangu Mkongomani, ambaye wanawe wawili niliwatoa mimi, alikuja kuniambia ukweli wake mlangoni. "Mama, miye naogopa kushuka, kukaa pale na watu wengi. Lakini nitapita na motokari. Nitaona mtoto, nitamubariki, nitaenda."

"Unakuja kwenye arobaini kama mtu anayenunua chipsi dirishani?"

"Ndiyo! Na chipsi utanipatia."

Nilicheka, kisha sikucheka tena, maana nilikuwa nimepata njia. Nikawapigia wote: asiyetaka kushuka asishuke. Zungukeni ziwa, mshushe kioo.

Binti yangu nilimwambia yatakuwa magari tu, hakuna mkusanyiko. Jumamosi asubuhi nilimkuta amejifunga leso mpya. Tukakaa kwenye meza iliyo karibu na barabara, mimi, yeye na mtoto. Chetezo kinafuka udi, bukini wanapitapita na vifaranga vyao, na mahamri na mbaazi nimevifunga tayari kwenye karatasi za kung'aa. Sahani moja niliiweka kando, nikaifunika. Binti yangu aliiona, asiulize ni ya nani.

Wakaja. Wallahi, walikuja. Gari linakuja polepole, kioo kinashuka, mkono unatoka. Huyu ananyunyiza marashi, yule anasoma dua, mwingine anamtania mtoto, "Pua ya bibi yako hii, pole mwanangu." Ninampa kifurushi, anakwenda. Jirani yangu alizunguka mara mbili, akaomba chipsi. Kwa mara ya kwanza tangu azae, nilisikia binti yangu akicheka. Lakini kila gari lililotokea kwenye kona alinyoosha shingo, na likishafika shingo inarudi.

Magari yakaisha. Nikaanza kuzima makaa.

Likaja moja nisilolijua. Halikuwa na lile vumbi letu la manjano, mbele limejaa wadudu waliokufa, gari la njia ndefu. Binamu ndiye aliyeshika usukani. Mkwe wangu alikuwa nyuma, kofia imefika machoni, amekonda.  Binti yangu alimpitisha mtoto dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shuka."

"Gari haizimwi, mama."

Na gari likaondoka. Na mtoto.

"Hana kiti cha mtoto!" binti yangu akapiga kelele. "Wakisimamishwa, mama! Wakisimamishwa!"

Nikamshika mkono. Nikaliona lile gari likipita kwenye mianzi, likipotea nyuma ya vyoo, likitokea ng'ambo ya maji. Pale ng'ambo kuna njia ya kutokea barabara kuu. Taa ya breki ikawaka. Mimi nimezika mume, nimevuka bahari peke yangu, lakini pale nilisahau hata dua. Nilijiuliza ni nani huyu niliyemwambia ni simu, si baba, na sasa atanionyesha nini.

Taa ikazimika. Gari likaipita ile njia, likaendelea kuzunguka, polepole kama mtu anayetembea kwa miguu. Ndipo nikaelewa. Alikuwa anamzungusha mwanawe.

Akarudi. Akamtoa mtoto dirishani, amelala, ananukia gari na baba yake. Akaushika mkono wa mkewe mpaka mwendo wa gari ukawaachanisha. Wakaelekea Houston.

Tulikusanya vitu. Binti yangu akaitazama sahani iliyofunikwa, bado iko mezani.

"Mama, hukumpa?"

"Gari halikuzimwa," nikamwambia.

Akaifunua, akaketi palepale penye upepo, akala mahamri yote ya mumewe.