Klachi ya Mashindano na Ulimi wa Baba Mdogo

Mwaka ambao mtoto wetu wa mwisho alikwenda shule ya bweni, niliuza gari la familia la viti saba nikanunua gari dogo jekundu la milango miwili. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, mkalimani wa mikutano, Mtanzania niliyeolewa Kigali. Kwa miaka mingi nilikuwa nimewapeleka shule watoto wangu na watoto wa karibu nusu ya mtaa wetu wa Batsinda, nikiokota makombo ya biskuti chini ya viti. Mume wangu alilizunguka lile gari mara mbili, akainama akachungulia ndani, akauliza, "Sasa mimi nitakaa wapi?" Nikamwambia akae popote apendapo, mradi asile humo.

Lilikuwa na tabo ya kuipa injini nguvu, gia za mkono, na mngurumo uliowafanya waendesha pikipiki wageuke kwenye taa za barabarani. Walitarajia kumwona kijana. Wakiniona mimi na miwani yangu ya kusomea ikining'inia shingoni, walicheka, nami nikawapungia mkono. Sikumbuki mwaka mwingine niliopenda kwenda kazini namna ile.

Mwaka wa pili klachi ikaanza kuchoka. Nikipanda kutoka bondeni kwenda mjini, injini inanguruma, mshale wa mizunguko yake unapanda, lakini gari lenyewe linakwenda kama mtu anayewaza. Halafu inakuja harufu ya kuungua. Asubuhi moja nilipitwa na mzee aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye gunia la viazi. Hakunicheka. Alinitazama kwa huruma, na hilo likaniuma zaidi.

Nikaenda Nyamirambo kwa fundi mmoja wa makamo, mtu mpole mwenye kofia ya kufuma, ambaye nilimpenda kwa sababu nilikuwa naweza kumlalamikia kwa Kiswahili, ingawa chake kilikuwa cha mtaani kwao. Mwenye gari bovu ni kama mgonjwa, hulalamika vizuri kwa lugha yake. Aliliendesha hadi mwisho wa mtaa akarudi.

"Dada, klachi iko imekwisha. Imebaki jina."

"Nifanye nini?"

"Ununue mpya. Lakini uniambie kwanza, hii gali unaenda nayo wapi?"

"Kazini."

"Na siku ingine?"

"Sokoni. Kanisani."

"Unabebaka nani?"

Maswali yale yaliniudhi. Nilijiona kama bibi anayechaguliwa viatu visivyoumiza vidole. "Mimi naendesha kwa kasi," nikamjibu. Akafuta mikono yake taratibu, kidole baada ya kidole, akasema niende dukani nichague, nimpigie simu kabla ya kununua.

Duka la spea lilikuwa mjini, na mwuzaji alikuwa bwana mwenye ndevu zilizochongwa kwa rula. Aliniwekea klachi tatu juu ya kioo. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida, sahani ya kijivu, kama ile gari lilivyotoka nayo kiwandani. Ya pili ilifanana nayo, ila springi yake ya kukandamiza ilikuwa na nguvu zaidi. Ya tatu haikufanana na chochote nilichowahi kuona: sahani yenye vipande sita vya rangi ya shaba vilivyochanua kama maua.

"Hii ni ya mashindano," akasema kwa sauti ya chini, kama tuko msikitini. "Madam, gari kama lako ukilifungia ya kawaida ni kumlisha simba ugali."

Nikampigia fundi. Akasikiliza, akasema, "Ile ya mashindano uiache, dada. Iko hapo ya katikati? Unanisikia? Ya katikati."

"Mtandao unakatika," nikamwambia, na mtandao ulikuwa mzuri sana. Nikatoka dukani na ile yenye maua.

Fundi alipofungua boksi hakunigombeza. Aliifunga, kazi ya siku nzima, kisha akaniambia maneno machache tu: "Hii klachi haina kidogo kidogo. Iko ndiyo, ama iko hapana."

Nilielewa maana yake baada ya mita tatu. Pedeli ilikuwa nzito kama ninasukuma kabati. Nilipoachia nusu, hakuna kilichotokea. Nilipoachia unywele mmoja zaidi, gari liliruka kama mbuzi aliyechomwa mwiba, likazima katikati ya barabara mbele ya mafundi cherehani. Cherehani zote zikanyamaza. Nikawasha tena. Likaruka, likazima. Mara ya tatu likaondoka, na nyuma yangu nikasikia makofi.

Kwa mwezi mzima niliishi hivyo. Kwenye foleni za mlimani nilikuwa nalia kimoyomoyo. Mwenzangu wa ofisini niliyempa lifti aliniuliza kwa upole kama nimeanza kujifunza kuendesha. Paja la kushoto likawa gumu kuliko la kulia, na mume wangu akawa anawaonyesha wageni. Nami kila aliyeuliza nilimjibu kwamba magari ya aina hii ndivyo yalivyo, wasioyajua hawawezi kuelewa.

Ndipo ikaja Jumamosi ya posa ya shemeji yangu. Wanyarwanda huiita gusaba, na hapo ukoo wa bwana harusi huenda kumwomba binti kwa maneno, huku msemaji wao akishindana na msemaji wa upande wa pili kwa vitendawili, mizaha na mitego. Msemaji wetu alikuwa baba mdogo wa mume wangu, mwalimu mstaafu aliyefundisha Karagwe miaka mingi, mtu anayejisahihisha sarufi hata akikohoa. Wiki mbili nzima alikuwa ameitunga hotuba yake. Asubuhi ile gari lililopangwa kumchukua likakataa kuwaka, na mimi, kwa kiherehere changu, nikasema, "Baba mdogo atakuja na mimi."

Aliingia kwa shida, akakunja shuka lake jeupe la sherehe, akaweka fimbo kati ya magoti. Tukaondoka kwa kishindo.

"Buhoro, mkwe wangu!" akasema. "Polepole!"

"Ndivyo lilivyo, baba. Litazoea."

Akaamua kutumia safari kufanya mazoezi, akinitafsiria kila sentensi kwa Kiswahili ili nimpe maoni ya kitaalamu. "Waheshimiwa wenye nyumba," akaanza, "sisi tumetoka mbali, tumevuka mito na—" Taa zikageuka kijani. Gari likaruka. "—mabonde!" akamalizia kwa kelele. Alikuwa na moyo. Alirudia tangu mwanzo kila tuliposimama. Taa ya mwisho, kwenye mwinuko wa kuingia Kiyovu kulikokuwa nyumbani kwa binti, alikuwa amefika mahali pazuri, penye ng'ombe na mwezi, mdomo wazi, nami nikaachia pedeli.

Nikasikia meno yakigongana.

Nilipomtazama alikuwa ameshika leso mdomoni, macho yamejaa machozi. Aliitoa akaitazama. Ilikuwa na damu.

"Baba, umeumia?"

"Thijaumia," akasema. "Endetha tu."

Kule nyumbani kwa binti, chini ya hema, msemaji wao alikuwa maarufu, mtu mwenye kitambi na sauti ya redio, aliyewahi kuwachelewesha wakwe hadi chakula kikapoa. Alimaliza mzaha wake wa kwanza, watu wakacheka, akakaa kungoja. Baba mdogo akasimama. Akaegemea fimbo. Hakusema kitu. Akameza mate. Mwishowe akatoa maneno matatu, yasiyo na sauti ya sss ndani yake, akanyamaza tena.

Yule bwana akanyoosha shingo. Alikuwa amejiandaa kwa maji ya mafuriko, yeye anapewa matone. Akatupa mtego, baba mdogo akatikisa kichwa polepole na kumkazia macho. Akatupa mwingine, akapata neno moja. Nikaona wazee wa upande wao wakinong'onezana, wakiamini kimya kile kina jambo. Haikupita nusu saa wakamtoa binti. Wajomba wa binti walinieleza baadaye kwamba hawajaona msemaji mwenye uzito namna ile. Nilicheka hadi nikatoka nje, na huko nje aibu ikanikuta. Mzee yule alikuwa amepanga maneno yake wiki mbili, na hakuna aliyeyasikia.

Jumatatu nikarudi kwa fundi. Nilitarajia aniambie, "Si nilikwambia?" Badala yake alikaa kiti cha abiria, akasema, "Nipeleke kule unaendaka kila siku." Nikampeleka. Kwenye taa ya kwanza ya mlimani kofia yake ikamruka ikaangukia kiti cha nyuma. Akaiacha hukohuko.

"Sasa nimeona," akasema. "Mwenye gali wa kwanza aliongeza injini nguvu, ndiyo maana ya kawaida iliungua haraka. Ya kawaida itaungua tena. Tutaweka ya katikati. Na wewe utaenda polepole wiki tatu, izoee."

Aliifunga, baada ya kukipeleka kile chuma cha injini kinachokutana nayo kikasawazishwe. Nilipoachia pedeli kwa mara ya kwanza, gari liliteleza kuondoka kama mtu anayeinuka bila kuamsha mtoto. Nilisimama na kuondoka mara tano mtaani kwake bila sababu.

Baba mdogo alibembelezwa mwezi mzima kabla ya kukubali kupanda tena, siku ya kuwatembelea maharusi. Alifunga mkanda, akauma leso kwa makusudi, akashika dashibodi kwa mikono miwili. Taa ikageuka kijani. Alipogundua kuwa tumeshaondoka, tulikuwa tumepita maduka manne. Akatoa leso. Kisha, bila kuombwa, akaitoa hotuba yote, tangu mito na mabonde hadi mwisho, nami nikapita njia panda yetu makusudi ili amalize. Ilikuwa nzuri kweli, ila ilichukua dakika thelathini na tano, na Mungu anisamehe, niliwafikiria wakwe zetu chini ya lile hema na chakula chao.

Aliposhuka alilitazama gari kwa muda, akaniuliza kama mtu wa miaka sabini na mitatu anaweza kujifunza kuendesha. Nikamwambia nitafikiria. Jumamosi iliyofuata, saa mbili asubuhi, alikuwa mlangoni kwetu amevaa raba.