Mtu Aliyesimama Zilipoishia Taa

Kama kweli palikuwa na mtu barabarani, mbona mama mkubwa alimwona, na mimi niliyekaa ubavuni mwake sikumwona?

Nilijiuliza hivyo asubuhi ya kwanza nilipofuatana naye, nikiwa nimekumbatia dumu la maziwa lisianguke. Alikuwa amekanyaga breki kwa nguvu zake zote mahali pasipokuwa na kitu. Mbele yetu palikuwa na barabara, vichaka vya pande mbili na giza la baada ya swala ya alfajiri. Maembe yalibingirika huko nyuma garini mpaka yakatulia. Yeye alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, midomo ikimchezacheza kwa Ayatul Kursi.

"Ameondoka?" aliniuliza.

"Nani?"

Alisoma mpaka mwisho, akapuliza mbele na pande zote mbili, kisha akatia gea tukaenda polepole mpaka Mokowe.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu. Alikuwa mjane, na kitu pekee alichoachiwa na mumewe kilichomwingizia riziki kilikuwa gari hilo, gari dogo la mizigo lenye mlango wa nyuma ulioyumba. Kila alfajiri alikusanya maziwa, maembe na mchicha wa majirani wa Kililana, akavipeleka gatini Mokowe viwahi boti za kwanza za kwenda kisiwani Amu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi nyumbani Amu bila kazi, na mtaani nilikuwa nimeshabishana na kila mtu: juu ya hirizi, juu ya pepo, juu ya nyota za wachumba. Mama yangu aliposikia kwamba dada yake anahitaji mtu wa kumshikia mizigo, alinifungia nguo zangu yeye mwenyewe.

Lililokuwa likimtisha mama mkubwa nilielezwa siku hiyo hiyo, tukiwa tunakunywa chai gatini. Alisema mtu huyo hana mchezo na mahali pake. Ukitoka Kililana, taa za bandari mpya zinakumulika kwa mbali na huoni kitu. Zinapoishia taa, giza linapoanza pale penye vichaka, ndipo anaposimama. Mweupe, mwembamba, katikati ya ndia, juu ya lami.

"Ukimfikia?" niliuliza.

"Hafikiwi. Nikenda, naye huenda. Nikisimama, husimama. Hatupungukiani."

"Ana uso?"

Alizungusha kikombe kwenye kisahani. "Ana kichwa mviringo. Uso hauishi kugeuka. Nikiongeza mwendo, wageuka upesi."

"Na akikuacha?"

"Kukipambazuka. Huyeyuka kidogo kidogo hata hubaki weupe wa mbingu." Akanitazama. "Cheka, Bi Msomi. Naona meno yakuwasha."

Sikucheka. Nilimwambia kwamba macho yaliyoamka mapema huona mengi, na kwamba gizani ubongo hutafuta mtu hata pale ambapo hapana. Nilisema maneno mengine ya aina hiyo, nikayaona yakimpita kama upepo unavyoupita mwamba. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikanyamaza, kisha akaniuliza kama nimemaliza chai.

Shemeji yake, ndugu mdogo wa marehemu, mimi nikimwita ami, hakupoteza maneno mengi. Alikuja Kililana wiki hiyo, baada ya habari za breki na maziwa kumwagika kumfikia.

"Gari liuzwe," alisema akiwa bado mlangoni. "Mwanamke aona watu ndiani, twangoja nini? Angoje kumgonga mtu wa kweli?"

"Na nikiliuza nile nini, Bwana? Mchanga?"

"Utatunzwa."

"Nimeshatunzwa na wengi, na bado nina njaa." Mama mkubwa alicheka kicheko kikavu. "Kama gari unalitaka wewe, sema. Lakini hata kuingia ndani huingii! Yeo umekuja kwa pikipiki, na juzi pia. Gari gani hili utakalo kuliuza na hutaki hata kulikalia?"

Ami alitazama chini. Alisema Ijumaa, baada ya swala, atakuja na mnunuzi. Ufunguo uwe tayari.

Hilo ndilo lililonikosesha utulivu. Mama mkubwa hangeweza kumkatalia siku zote. Jamaa wa mumewe walikuwa wengi, na neno lao lilikuwa moja. Na kama angeendelea kusimamisha gari kwa ajili ya mtu asiyeonekana, hata mimi ningeshindwa kumtetea. Nilitaka kujua mtu huyo ni nini kabla ya Ijumaa, na sikuwa na hata pa kuanzia.

Asubuhi iliyofuata nilikaa macho wazi. Taa za bandari zilibaki nyuma, giza likatumeza, na ghafla kifua changu kikapigwa na mkanda. Breki tena. Mbele hapakuwa na kitu ila lami na vumbi lililoelea kwenye mwanga wa taa zetu.

"Yupo?" nilinong'ona, na nikachukia kwamba nimenong'ona.

"Yupo."

"Wapi hasa?"

"Hapo. Mbele ya mato yako, mwanangu. Humuoni?"

Nilifungua mlango. Alinivuta buibui, nikajinasua. Nilitembea mbele ya gari, taa zikiniunguza mgongo, kivuli changu kikiwa kirefu kuliko barabara. Nje kulikuwa kimya. Hata vyura waliokuwa wakipiga kelele tangu Kililana walikuwa wamenyamaza. Nilisimama, nikageuka kulitazama gari, lakini mwanga ulinipofusha, sikumwona mama mkubwa. Nilisikia sauti yake tu.

"Mbele kidogo," ilisema.

Nilipiga hatua chache kinyumenyume, mbali na gari.

"Kushoto."

Nilisogea kushoto.

"Toka hapo!" Sauti ilipanda, ikawa ya mtoto. "Toka, mwanangu! Umesimama ndani yake!"

Mimi siamini mambo hayo, na nilikuwa siamini hata wakati ule. Lakini nywele za mikono yangu hazikuniuliza ninaamini nini. Nilirudi garini mbio, na nilipofika sikwenda mlangoni kwangu. Nilifungua mlango wake.

"Shuka."

"Hujui kuendesha!"

"Siendeshi. Nataka kukaa unapokaa wewe."

Alishuka. Nikakaa kwenye kiti chake chenye joto, nikashika usukani, nikainua macho.

Nikamwona.

Alikuwa amesimama barabarani, si mbali. Mweupe wa kuelekea buluu, mwembamba, bila mikono. Vichaka vilionekana kupitia mwili wake. Juu palikuwa na kichwa cha mviringo, kamili mno kuwa cha mtu, na badala ya uso palikuwa na jicho moja kubwa, wazi, likinitazama. Niliinamisha kichwa kulia, naye akainama. Nilijiinua, naye akainuka.

Sijui ni nini kilichonifanya niutazame ule mviringo tena badala ya kukimbia. Labda ni ubishi tu. Lile jicho moja lilikuwa sifuri.

Niliuinua mkono wangu, nikaushusha polepole juu ya dashibodi, mahali palipokuwa na skrini. Barabarani, kichwa kilipotea. Nikausogeza mbele. Mwili ukapotea. Nikauondoa, akarudi mzima.

Hapa sina budi kueleza habari ya skrini hiyo. Geji za gari zilikuwa zimekufa zote: ya mwendo, ya mafuta, ya joto la injini. Mama mkubwa aliendesha kama mtu anayepika bila kuonja, na siku moja injini ilichemka mpaka ikatoa moshi. Ndipo akanunua skrini ndefu nyembamba inayochomekwa kwenye tundu lililo chini ya usukani na kusoma habari za injini. Sehemu ya juu ilikuwa nyeupe, yenye joto, mafuta na betri. Chini kabisa palikuwa na duara la mwendo, na ndani ya duara, tarakimu.

Aliyeifunga alikuwa fundi wa boti wa Mokowe. Amu magari ni kama hayapo, watu hutumia miguu, punda na boti, na fundi huyo alikuwa amefunga vyombo vya nusu ya boti za faiba za gatini. Basi aliifunga kama anavyofunga botini. Nahodha huendesha akiwa amesimama, kwa hiyo skrini huwekwa juu na kulazwa chali, imtazame usoni. Aliilaza hivyo hivyo juu ya dashibodi, akaielekeza upande wa dereva, akaikaza kwa skrubu zisizoshika kutu na kuzungushia silikoni pande zote.

Botini mbele ya nahodha pana hewa. Kwenye gari mbele ya dereva pana kioo, tena kioo kilicholala. Kioo kile kilikuwa kikiichukua skrini na kuiweka nje, barabarani, ikiwa imepinduliwa: duara la chini likawa kichwa, weupe wa juu ukawa mwili. Mwangaza wa taa za bandari uliificha, na alfajiri iliifuta. Uso uligeuka kwa sababu ulikuwa mwendo wa gari lenyewe. Nami kitini kwangu sikuona kitu kwa sababu, ukiitazama kutoka upande, skrini ile ilikuwa nyeusi tii.

Nilimweleza mama mkubwa yote haya tukiwa bado barabarani. Alikaa kitini kwake, akaifunika skrini kwa mkono, akaifunua, akaifunika. Alirudia mara nyingi, kama mtu anayemfungia na kumfungulia mgeni mlango.

"Basi ndiyo hiyo," alisema mwishowe. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyefarijika. Ilikuwa ya mtu anayehesabu.

Fundi tulimkuta gatini, amekaa juu ya injini ya boti kama sultani.

"Bi, miye nimefunga skrini tangu wewe hujajua kusoma. Haijamtisha nahodha hata mmoja."

"Boti zako zina kioo mbele?" nilimuuliza.

"Boti zina Mngu mbele."

"Na hii silikoni ya nini? Maji ya bahari yafika Kililana?"

"Bahari haina adabu, Bi. Siku yoyote yaweza kukuzuru."

Hata mama mkubwa alicheka. Lakini fundi alipokaa kwenye kiti cha dereva nasi tukamfunika kwa shuka jeusi pamoja na kioo ili pawe giza, mzaha ulikwisha. Kisha tukasikia kutoka chini ya shuka: "Lahaula." Alitoka akipangusa uso, akachukua bisibisi.

Kwanza alitaka kuihamishia mbele ya abiria. Nilimwonyesha alama iliyochongwa kwenye plastiki pale: chini yake umelala mfuko wa hewa.

"Gari likigonga, mfuko huu hufumuka mara moja," nilisema. "Hicho kidude kitarushwa usoni mwa aliyekaa hapa."

"Na hapa akaa nani?"

"Mimi."

"Ah," alisema fundi, "kumbe ndiyo sababu umesoma."

Tuliamua kuitia palipokuwa na geji zilizokufa, nyuma ya usukani, chini ya ukingo wa plastiki unaoikinga na kioo. Alitoa geji za zamani, akaipachika skrini ndani ya nafasi yao, wima, isitikisike. Mama mkubwa alikaa akazungusha usukani huku na huku kuhakikisha haumfichi tarakimu. Nyaya zilifungwa mbali na mhimili wa usukani na mbali na pedeli, zikapitishwa kwenye fyuzi yake. Mwangaza ulishushwa mpaka ukatosha kusomeka tu. Matundu ya skrubu yalibaki juu ya dashibodi, manne, fundi akayaziba kwa silikoni. Hakuweza kujizuia.

Alhamisi tulipita zilipoishia taa. Mama mkubwa alipunguza mwendo mwenyewe, akatazama mbele muda mrefu. Lami, vichaka, vumbi. "Hayupo," nilisema. Aliitikia kwa kichwa, akaongeza mwendo.

Ijumaa ami alikuja baada ya swala, bila mnunuzi; habari za fundi zilikuwa zimemfikia. Tulimwonyesha kila kitu, nami nilieleza habari ya kioo kwa fahari ambayo sasa naisikia masikioni. Alisimama nje ya gari, akaingiza kichwa tu dirishani, akaitazama skrini pale ilipo.

"Ndiye alokuwa huyo?" aliuliza.

"Ndiye."

"Una yakini?"

"Nimemfunika kwa mkono wangu mwenyewe, ami."

Alisema alhamdulillahi, akampa mama mkubwa mkono, akapanda pikipiki. Habari ya kuuza haikutajwa tena. Sisi tulidhani ameona haya kwa tamaa yake, na mama mkubwa alimcheka mpaka jioni. Gari lilibaki lake. Mpaka leo analiendesha, na maziwa ya Kililana yanawahi boti.

Miaka ilipita, nikapata kazi, nikawa nakuja nyumbani likizo tu. Ami alikuwa amehamia Faza kwa jamaa zake na akaugua miguu. Nilikwenda kumjulia hali. Tulizungumza mengi, mpaka nikamtania juu ya lile gari alilotaka kulinyakua. Hakucheka. Alisema hakulitaka hata siku moja. Alitaka tu litoke kwenye ndia ile, na Ijumaa ile aliliacha kwa kuwa mama mkubwa alikuwa haoni kitu tena. Mama mkubwa alipokuwa amekaa eda, ami ndiye aliyempelekea mizigo Mokowe kila alfajiri, na zilipoishia taa palikuwa na mtu mweupe amesimama. Skrini ilinunuliwa baada ya eda kwisha. Miezi ile yote ami alipokuwa akiendesha, dashibodi ilikuwa giza tupu.