Siku Tuliyovuka Likoni na Cucu

Harufu ya kwanza ya bahari kunifikia haikuwa ya bahari hata kidogo. Ilikuwa ya dizeli, kamba zilizolowa na samaki wa kukaanga, yote yakipanda pamoja kutoka kwenye feri ya Likoni. Sisi watu wa Thika maji tuliyoyajua ni ya mto Chania, yanayoanguka kwa kelele na kwenda zake. Haya yalijaa tu pale, mapana ajabu, na ng'ambo yake ilikuwa Mombasa yenyewe. Nilirukaruka hadi ndugu zangu wadogo nao wakaanza kuruka bila kujua sababu. Ilikuwa mwishomwisho mwa miaka ya hamsini, serikali ya kikoloni ilipoanza tena kutupa sisi Wakikuyu vibali vya kusafiri. Baba mdogo, mpishi katika shamba moja upande wa Kwale, alikuwa ametualika pamoja na Cucu, mama yake. Tulishuka treni Mariakani, tukafika kwake kwa lori kupitia Kinango, kwa hiyo mji wenyewe hatukuwa tumeuona. Mwajiri wake alimpa ruhusa ya siku hiyo moja tu kututembeza.

Basi, langoni alisimama karani mwenye kofia, akimwelekezea kidole kila anayepanda na kumhesabu kwa sauti. Cucu akaganda. Kwetu Wakikuyu watu hawahesabiwi. Ukimtaja mtoto kwa namba umemwitia mabaya, na Cucu hakuwa na mzaha katika jambo hilo. Alisema Mombasa ameshaiona kutoka pale, inatosha, turudi. Baba mdogo akambembeleza, kisha akamsihi karani, naye akajibu kwamba feri ina kiwango chake na lazima ajue amebeba wangapi. Honi ikalia. Nami nikaangua kilio, tena si kidogo. Nilimkasirikia karani, na Cucu nikamkasirikia zaidi.

Cucu alinitazama kwa muda, akakaza shuka yake kiunoni. "Mwambie anihesabu mimi badala yao," alimwambia baba mdogo kwa Kikuyu. "Hawa watoto wapite bila namba."

Karani alicheka hadi akavua kofia, lakini alikubali. Cucu akapita, akahesabiwa. Akarudi nje, akapita tena kwa ajili yangu, halafu kwa ajili ya ndugu zangu, huku sisi tukinyata nyuma ya mgongo wa karani. Feri nzima ilikuwa inacheka, nami nilicheka kuliko wote.

Wee, tulitembea siku hiyo! Tuliona meli ndefu kuliko mtaa wetu, pembe kubwa za ndovu juu ya barabara, na wanaume waliokunywa kahawa kwenye vikombe vidogo kama vya kuchezea. Cucu aliionja, akaitema, kisha akaomba nyingine. Jioni, wakati wa kuvuka kurudi, alipita tena vilevile bila kuombwa.

Siku hizi wajukuu wangu wa Membley, kule Ruiru, hupanda treni asubuhi, na kabla sijanywa chai ya jioni wamenitumia picha wakiwa ufuoni. Nawafurahia, kwa kweli. Kisa cha Cucu nilikisimulia miaka mingi ili kuchekesha watu, hadi nilipompakata mjukuu wangu wa kwanza, kicheko kikanikwama. Cucu hakuwa anacheza. Aliamini kabisa kwamba kila kidole kile kilipomwelekea kilikuwa kinampunguzia maisha, na alipita mbele yake tena na tena kwa sababu mimi nililia nikitaka kuiona Mombasa.