Umra ya Mama kwa Miguu

Mama alikuwa ameweka nia ya umra, maradhi yakamtangulia. Alipofariki, baba akasema atamfanyia yeye, kwa miguu, kutoka Maskati hadi Makka. Tulimzuia, hakuzuilika. Mwisho tukakubaliana: kila Ijumaa asubuhi mimi na yeye tutatembea kipande, kaka yangu atakuja kutuchukua kwa gari, na wiki inayofuata tutaanzia tulipoishia.

Tulianzia Matrah, mtaa aliozaliwa mama. Vipande vya mwanzo vilikuwa vya barabarani, vumbi la malori ya viwanda vya Rusayl likitukausha koo. Kisha ikaja njia ya mlimani, ile ya zamani ya punda, mawe matupu na korongo ubavuni. Kaka alituacha chini, akazunguka kutungoja upande wa pili.

Baba alipanda vizuri, mimi ndiye niliyekuwa nahema. Karibu na kileleni changarawe zikaanza kuteleza, nikamshika mkono. Akasimama, akatazama nyuma.

"Mbona mamako kabaki? Mngojee."

Nilidhani ulimi umemteleza. "Baba, tuko wawili tu."

"Alikuwa hapo nyuma yako. Magoti yanamuuma yule, usimwache peke yake."

Akaanza kuteremka kumfuata, hata haangalii anakokanyaga. Nikamkumbatia kwa nguvu. Nimwambie mama kafa, pale ukingoni, afiwe upya?

"Mama kachoka, baba," nikasema. "Anataka turudi nyumbani."

Akatulia. "Basi tumshushe polepole."

Tukashuka, mimi mbele, yeye akigeuka kila hatua. "Kanyaga hapa, mke wangu. Shika jiwe hilo." Mama alipokuwa hai, sikuwahi kumsikia akisema naye kwa upole ule. Nililia kimya mpaka chini, nikampigia kaka simu azunguke kutufuata.

Daktari tuliyempelekea baba ndiye aliyetueleza kuwa maradhi yale ya kusahau hayakuanza jana. Ndipo tukakumbuka jinsi mama alivyokuwa akimjibia baba maswali, akimtajia majina ya wageni kabla hawajaingia. Kumbe alikuwa akimsitiri, hata sisi wanawe tusijue.

Umra nilimfanyia mama mimi, kwa ndege. Niliporudi nikampelekea baba zamzam chumbani kwake, nyumbani Mabela, nikamwambia nimemwombea mama kaburi lake liwe na nuru.

"Mamako kafa?" akauliza. "Lini?"

Safari hii nilimwambia kweli. Akalia kama siku ya maziko, nikakaa kitandani pake nikalia naye.