Mimi Sipangi Watu

Studio yangu ya picha iko Kitale, na mlangoni nimeandika kwa rangi nyekundu: HARUSINI SIPANGI WATU. Wengine husoma, wakacheka, wakaenda kwa jirani. Waende salama. Mimi nataka harusi jinsi ilivyokuwa, shangazi akila awe anakula kweli.

Mwenyekiti wa kamati ya harusi moja kule Bumula hakuwa amesoma mlango wangu. Tulipotoka kanisani aliwapanga jamaa mbele ya keki: bibi harusi, bwana harusi, kisha mama ya bibi harusi ubavuni mwa mkwewe. Mama akakataa. Kwao, mama na mume wa binti yake hawasogeleani, hawapeani mikono, wala hawatazamani usoni. Bwana harusi mwenyewe alikuwa ameinama anaangalia viatu vyake.

"Mama, si ni picha tu, bana!" mwenyekiti alisema, akamvuta mkono.

"Mwachilie," nikamwambia. "Hiyo sipigi."

"Ati hupigi? Si tulikuita upige picha?"

"Nimepiga tangu asubuhi."

Nikafunika lenzi mbele ya wageni wote. Mama akapata nafasi, akajiendea zake kwa wapishi nyuma ya hema. Bibi harusi akaanza kulia, kwa sababu alichotaka siku hiyo ni picha moja tu akiwa na mama yake. Nilimhurumia sana, lakini sikurudi nyuma.

"Basi utamweka na kompyuta," mwenyekiti aliamuru. "Pale karibu na kijana."

Nikamwambia amtafute mwingine wa kuweka uongo huo.

Baada ya wiki mbili maharusi walikuja Kitale kuona picha. Bibi harusi alizipitia zote za hemani akimtafuta mama yake, na uso ukazidi kununa. Ndipo nikampa ya asubuhi, ambayo hakujua nimeipiga. Mvua ilikuwa imenyesha. Mama amepiga magoti uani kwao, kitambaa cha kichwa kimelegea, anakwangua tope kwenye kiatu cha binti yake kwa gunzi la mahindi. Binti amemshika bega asianguke. Wote wawili wanacheka, midomo wazi.

"Mwenyekiti atasema tumemwaibisha mama, ati amepiga magoti," bibi harusi alisema huku akifuta machozi.

"Aseme. Hakuwepo."

Alicheka, akatoka nje kumpigia mama yake simu. Mumewe alibaki. Aliivuta ile picha karibu, kwanza kwa woga, akiangalia mlangoni kama mtu anayefanya kosa. Kisha akaiinamia, akamtazama mama mkwe wake usoni, akatazama muda mrefu.

"Kumbe wamefanana hivi," akasema.