Mwonjaji wa Kome

Shangazi Drieka alikuwa na midomo minene, na kwa midomo hiyo alilea watoto wanne. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mwonjaji katika mkahawa wa Lewies, ule uliozungushiwa nyavu kuukuu pale ufukweni, ambako wageni hukaa mchangani, hula kwa vidole na kuchota mchuzi kwa ganda la kome. Wageni wanalipenda sana jambo hilo. Kwao vijiko vimejaa tele, lakini watasafiri siku mbili waje kula bila kijiko.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Sufuria ya kome ikitoka motoni haiendi kwa wageni. Drieka anakula watatu, anakaa kwenye kreti lake na kungoja. Mimi ndiye mwoka mikate, na muda wake tuliupima kwa mikono yangu: naanza kukanda donge, likiacha kunata, muda umekwisha. Midomo yake ikiwasha au ikifa ganzi, kome wana sumu, na sufuria inamwagwa. Ikitulia, anasema, "Wapelekeeni." Mara mbili aliimwaga, akaugua siku nzima, kisha akarudi kazini na maringo tele. Hapa kwetu karibu kila nyumba ilikuwa na mwonjaji wake. Uonjaji huo tuliuita ujuzi.

Mwezi wa tatu mwaka jana upepo ulikatika siku nne. Bahari ikalala, ikageuka rangi ya chai iliyokolea. Asubuhi ya Jumanne kambakoche wakaanza kutoka majini wenyewe, mamia kwa mamia, wakipanda mchanga kana kwamba kuna kitu kinawafukuza. Kijiji kizima kilishuka na magunia, watu wanaimba. Drieka alisimama mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni.

"Shangazi, huokoti?" nilimuuliza.

"Hao wanakimbia, Sarlina. Sitaki hata kujua wanakimbia nini."

Lewies akaingia na ndoo mbili za kome. "Hawa si wa hapa," alisema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Wametoka ng'ambo ya rasi. Maji ya kule meupe, ukisimama unaona vidole vyako vya miguu."

"Vyote kumi?" Drieka akamuuliza.

"Shangazi, wewe onja tu."

Kulikuwa na jambo ambalo Lewies hakulijua. Daktari wa meno huja zahanati yetu mara moja kila miezi mitatu, na siku yake iliangukia Jumanne hiyo. Drieka alikuwa amepanga foleni tangu alfajiri, akang'olewa gego, akaja kazini na pamba shavuni na upande mmoja wa uso umelala kwa sindano ya ganzi.

"Usimwambie," alininong'oneza. "Atasema nimezeeka, ampe mtu mwingine kreti langu."

"Sasa utaonjaje?"

"Upande wa kulia uko macho. Mungu alinipa mdomo mpana, alijua kutakuwa na siku kama hii."

Nilicheka. Kicheko hicho kinaniuma mpaka leo.

Mchana tulikuwa na wageni wawili tu: Oteng, mwalimu kutoka Botswana, na mama yake, Mma Segametsi, bibi wa miaka sabini ambaye alikuwa hajawahi kuiona bahari kabla ya siku hiyo. Alikuwa ameshaonja maji kwa kidole na kuyatema. Kisha akaja mwenyewe jikoni, maana hali chakula cha mtu ambaye hajamsalimia.

"Mwanao amekuleta mbali, dada," Drieka akamwambia.

"Mbali! Nimeuza ng'ombe kumsomesha huyu, leo ananilisha konokono."

Walicheka hadi wakashikana mabega. Bibi akaokota ganda tupu, akaligeuzageuza, akauliza mpini wake uko wapi. Kisha akarudi kukaa.

Sufuria ilitoka motoni. Drieka akala watatu, akakaa. Nikakanda. Donge likaacha kunata, naye bado anajigusagusa mdomo.

"Vipi?" nilimuuliza.

"Sijui. Sindano inanichanganya." Akachukua wengine wanne, akala taratibu, macho amefumba. Tukangoja tena. Lewies akachungulia. "Jamani, wageni wana njaa!"

"Ni ganzi ileile ya asubuhi," Drieka akasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwetu. "Wapelekeeni."

Nilikuwa naweka mikate kwenye bati niliposikia sauti yake, tulivu kabisa.

"Sarlina. Sindano alinichoma kushoto."

"Ndiyo, shangazi."

"Mbona vidole, sasa?"

Alikuwa anasugua ncha za vidole, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Nilimwona akielewa. Akakimbia, mwanamke yule mzito, akapita katikati ya moto na kuni, akaipiga teke sufuria ya wageni ikamwagika yote. Oteng alikuwa bado hajaonja, lakini bibi alikuwa na kome mmoja mdomoni. Drieka akamshika taya, akatia kidole, akamtoa kome yule.

"Umemeza? Dada, umemeza?"

"Una wazimu wewe mama!" Lewies alikuwa anapiga kelele. "Nenda nyumbani! Usirudi!"

Drieka hakwenda. Alikaa palepale mchangani kwa sababu miguu ilikuwa imekataa.

Hospitali iko mwendo wa saa moja na nusu. Oteng aliendesha, bibi akampakata Drieka kiti cha nyuma, mimi nikamshika miguu. Aliuliza tena, ulimi mzito, "Umemeza?"

"Sijameza, dada yangu. Naapa kwa ng'ombe wangu wote."

Drieka alitaka kucheka. Uso haukumtii. Baadaye kifua nacho kikakataa, kidogo kidogo, macho yake yakiwa wazi yanatutazama, na sisi hatukujua la kufanya zaidi ya kumpepea. Tulifika tumebeba maiti.

Daktari alitueleza kwamba kuonja si kipimo. Moto hauiui sumu hiyo, na midomo haiwezi kuipima. Anayeonja anaila tu kabla ya wengine, na tulichokiita ujuzi kilikuwa bahati. Nilimchukia kwa kusema hivyo, na nikamchukia Lewies zaidi, kwa sababu alikuwa ametufuata hadi hospitali na alisikia kila neno.

Msimu huu wageni wamerudi, na wanataka kome. Juzi Lewies alikuja na bakuli la kome, akalisogeza mbele yangu nionje. Nililimwaga mchangani. Aliokota bakuli lake, akatoka.

Leo asubuhi nimekuta kreti limefutwa vumbi. Amelikalia Katriena, binti mkubwa wa Drieka, asiye na kazi tangu kiwanda cha samaki kifungwe.

"Amenipa nafasi ya mama," aliniambia, anatabasamu. "Anasema nina midomo yake."